Picha Iliyokaa Juu ya Moto

Kwa miezi minane niliamini kwamba niliiharibu kwa mikono yangu picha ya figo ya mume wangu, na kwamba kama ningeitunza vizuri huenda angekuwa hai. Waliokuwepo msibani wanaikumbuka habari hiyo, maana iliigizwa mbele yao. Mimi nimeishia darasa la saba na maisha yangu yote nimelima kahawa na mahindi huku Mbozi, kwa hiyo mambo ya hospitali nayajua kwa kuyapitia tu. Nitasema nilichokiona na nilichoambiwa. Nisichokijua nitasema sikijui.

Maumivu yalimwanzia ubavuni, upande wa kushoto, wakati wa palizi. Alisema ni jembe. Kisha siku moja nilipokuwa nafua kaptula yake nikaona doa la rangi ya kutu, nikamuuliza, akasema amekalia msumari. Nikamwonyesha doa lilipokuwa. Zahanati walimpa vidonge vya wiki mbili, na damu ilipoendelea kuonekana wakatuandikia twende tukapige altrasaundi. Tulichagua kwenda Tunduma kwa sababu alitaka pia kununua turubai la kuanikia kahawa. Nakumbuka turubai tulilinunua kwanza, tukaingia nalo kwenye kituo likiwa limekunjwa, tukaliegemeza kwenye benchi kama mgonjwa mwingine.

Mtaalamu wa kipimo alikuwa mwanaume wa makamo mwenye miwani. Alimpaka mume wangu mafuta mazito ya baridi ubavuni, na mume wangu akashtuka, akauliza kama yametoka kwenye friji ya bia. Mtaalamu akacheka. Mimi nilisimama pembeni nimeshika koti lake. Kwenye kioo sikuona figo. Niliona kitu kama wingu la mvua, kijivu na cheusi, kinachosogea kila mkono wa mtaalamu unaposogea. Mwanzoni alikuwa anazungumza nasi, anauliza habari za mavuno. Halafu akafika mahali akarudia kupabonyeza, akaacha kuzungumza. Akasema kibofu hakijajaa vizuri, mgonjwa anywe maji zaidi. Mume wangu akaniomba nikamnunulie chupa kubwa.

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imesimama, tela limegusana na tela, na ilibidi nitembee mbali mpaka nilipopata upenyo, nikavuka, na wakati wa kurudi vilevile. Dakika zile nimezirudia sana kichwani. Hazizidi robo saa.

Niliporudi mume wangu alikuwa amekaa, anajifuta mafuta kwa karatasi laini. Maji hayakuhitajika tena. Nikamuuliza mtaalamu ameona nini. Akamtazama mume wangu kwanza, ndipo akanijibu.

"Kuna maji kwenye figo, mama. Mfuko wa maji."

Nikauliza kama ni hatari. Akasema watu wengi wakishafika umri fulani wanayo mifuko ya namna hiyo, na wengine wanazeeka nayo bila kujua. Akatupa bahasha ya kaki. Njiani mume wangu aliishika bahasha, mimi nikashika turubai.

Kwetu karatasi yoyote iliyoandikwa Kiingereza haifunguliwi nyumbani. Inapelekwa kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye zamani alikuwa karani wa ushirika na sasa ni mzee wa kanisa. Ndiye msomaji wa ukoo. Barua ya mahakama, karatasi ya dawa ya kunyunyizia kahawa, cheti cha mtoto, vyote vinapita kwake. Anavaa miwani, anasoma kimya mpaka mwisho, kisha anatuambia kwa Kinyiha kilichoandikwa. Sijawahi kusikia mtu akimwambia asome tena.

Jioni ya siku iliyofuata alisoma kimya kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua uso. Shemeji akasema imeandikwa kwamba ni mfuko wa maji, hauna shida, arudi baada ya miezi sita waulinganishe kama umekua, na kwamba picha itunzwe sana maana ndiyo itakayolinganishiwa. Akairudisha bahasha mkononi mwangu, imefungwa.

Niliitunza. Hapa ndipo kosa langu lilipo na silikatai. Nyumba yetu ina mchwa na panya, na mahali pamoja tu ndipo wasipofika: juu ya mafiga, darini jikoni, tunapotundika mahindi ya mbegu. Moshi unazuia fukusi, mbegu zinakaa mwaka mzima bila tundu. Humo nilikuwa na cheti chetu cha ndoa na kadi za kliniki za watoto, vyote vimekuwa na rangi ya chai lakini vinasomeka. Nikaifunga bahasha kwenye kipande cha kanga, nikaining'iniza katikati ya mbegu. Nilijisikia nimefanya jambo la maana. Kila nilipopika nilikuwa naitazama.

Miezi ile sita mume wangu alifanya kazi kuliko nilivyowahi kumwona. Alikata matawi ya mibuni aliyokuwa ameyaahirisha miaka mitatu. Alinifundisha kuendesha mashine ya kumenya kahawa, kazi ambayo hakuwa anapenda niiguse, akasimama nyuma yangu akinitania kwamba nazungusha kama mtu anayekamua ng'ombe aliyekufa. Alinipeleka kwenye mipaka ya shamba, akanionyesha kila jiwe na jirani wa kila upande. Nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi.

Mavuno yalipokwisha alikuwa amekonda, mkanda umefika tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Tukaenda hospitali kubwa Mbeya, mimi, yeye na shemeji. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Akauliza kama tumewahi kupima. Nikaitoa bahasha kwenye kanga kwa furaha, kweli ilikuwa furaha, kama mtu aliyetumwa kitu na amekileta.

Akaifungua. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya karatasi, vyeusi kama masizi. Akavigeuza upande wa pili, akavinusa, akaniuliza vilikuwa wapi. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema karatasi za namna hiyo hazipendi joto. Kisha akaulizia maelezo ya maandishi, karatasi ya kawaida inayofuatana na picha. Nilitaka kusema sijui, lakini shemeji alinitangulia. Akasema vilikuwa pamoja, na huko juu kuna panya pia. Halafu akanigeukia na kusema, na wagonjwa wengine wanasikia, "Shemeji, picha ya hospitali umeipika."

Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watu waliochoka kusubiri. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Walimpeleka kwenye siti skani, ile mashine ya duara ambayo mtu anaingizwa amelala. Walimchoma dawa ya rangi kwenye mshipa. Alipotoka alisema ilimpita mwilini kama supu ya moto na akafikiri amejikojolea. Majibu tulipewa siku ya pili, na daktari alitufungulia picha kwenye kompyuta yake. Figo ya kulia ilikuwa ndogo, safi. Ya kushoto ilikuwa imebeba kitu cha ukubwa wa ngumi, chenye kuta ndani kama chungwa lililokatwa.

"Mfuko wa maji haunywi dawa ya rangi," daktari alisema. "Hiki kimeinywa."

Kilikuwa kimeshafika kwenye ini. Alisema kwa hatua hiyo kukata hakutasaidia. Nikamuuliza kama picha ya mwanzo ingekuwepo ingekuwaje. Alijibu kama mtaalamu, bila ubaya, kwamba ingemsaidia kujua kitu hiki kilikuwaje mwanzo na kimekua kwa kasi gani. Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nilisikia kwamba nimeua.

Tulirudi nyumbani. Mchana alikuwa anapenda nimtandikie mkeka karibu na vichanja vya kahawa, penye jua. Siku moja nikapiga magoti pale mkekani. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kwamba ile picha imenikaa kifuani, kwamba niliiweka pale kwa nia njema, na kwamba nisingependa aondoke akiwa na kinyongo na mimi. Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa mwepesi kama ganda.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Usijisumbue tena."

Nililia nikashukuru. Alikufa wiki tatu baadaye, mvua za kupandia zikiwa zimeanza.

Msiba wetu haukosi watani. Hao ni watu wa ukoo tunaotaniana nao tangu enzi za mababu, na kazi yao ni kuwacheka wafiwa ili kilio kisiwamalize. Wanavaa koti la marehemu, wanaiga kikohozi chake na mwendo wake. Ukikasirika, aibu ni yako. Siku ya tatu mtani mmoja mnene alichukua sufuria, akaweka ndani yake kipande cha gazeti, akaketi jikoni kwangu akikoroga kwa mwiko, akaita kwa sauti ya kike, "Baba watoto, njoo ule, picha imeiva." Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Shemeji alicheka mpaka akavua miwani afute macho. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaongeza akiwa amekaa, kwamba yeye akienda kupimwa majibu atayaficha kwa mganga, si kwa wifi. Mimi nilicheka pia, maana ndiyo desturi, nikampa mtani kuku wake.

Watani walipoondoka utani haukuondoka. Kisimani na kanisani niliukuta umefika kabla yangu. Si kwamba walinichukia. Walikuwa wamepata jibu la kwa nini mtu mwenye nguvu vile amekufa, na jibu hilo lilikuwa mimi.

Ndiyo maana nilirudi Tunduma. Nilitaka nimuulize yule mtaalamu swali moja: ile picha ingekuwa nzima, angepona au asingepona? Kama ningeambiwa angepona, ningebeba. Kama ningeambiwa asingepona, ningepumzika. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Alinikumbuka. Nilimpa kadi ya marehemu na kimoja cha vile vipande vyeusi, nikamwambia naomba msamaha kwa kuharibu kazi yake. Alikitazama akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba picha zile hazina wino, zinachorwa kwa joto, kwa hiyo zikikaa karibu na moto zinageuka nyeusi zote. Akaniambia pia kwamba mashine yake inatuma sauti mwilini. Kwenye nyama sauti inarudi, ndipo kinaonekana kijivu, na kwenye maji inapita bila kurudi, ndipo panaonekana peusi. Nikakitazama kile kipande mkononi mwake. Kwa hesabu hiyo kilikuwa maji matupu, kama nilivyoambiwa.

Kisha akafungua kompyuta, akaitafuta, ikaja. Akachora kwenye karatasi duara jembamba tupu, akasema huo ndio mfuko wa maji wa kawaida. Pembeni akachora duara lingine lenye ukuta mnene, ndani akalikata vyumba, na kwenye chumba kimoja akaweka kokwa.

"Hiki ndicho cha mzee."

Nikamwambia mbona ulisema ni maji. Akavua miwani. Alikuwa na alama mbili nyekundu puani.

"Maji yalikuwepo, mama. Sikukudanganya. Lakini sikumaliza."

Akanieleza robo saa yangu. Mume wangu alimwambia amweleze kabla sijarudi, naye akamweleza: hiki si kifuko cha kawaida, kina sehemu ya nyama, asichelewe, aende Mbeya kwenye siti skani wiki hiyohiyo, na kwa ukubwa kiliokuwa nao huenda wangeitoa figo moja akaishi na nyingine. Akataka kunisubiri. Mume wangu akakataa, akamwomba nikiingia anitajie maji tu. Ripoti aliiandika yote vilevile, akaitia kwenye bahasha mwenyewe. Ilikuwa karatasi ya kawaida, alisema. Karatasi ya kawaida ikikaa kwenye moshi inabadilika rangi tu. Haifutiki.

Nilijua hilo. Cheti changu cha ndoa ni cha rangi ya chai.

Alinichapia ripoti upya pamoja na picha. Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili mara mbili. Nje foleni ya malori ilikuwa imesimama kama siku ile, na vijana wa kubadilisha kwacha za Zambia wakaniita mama, mama, na mimi sikuweza kuinua mkono kukataa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia mibuni yake michanga. Nikamnyooshea karatasi. Aliitambua kabla ya kuvaa miwani, akaegemea jembe.

Hakukana, na kwa hilo namsifu. Alisema mdogo wake alimfuata kabla ya jioni ile, akamwomba, akamwapisha. Dada yao mwingine alipasuliwa Mbeya miaka mingi iliyopita na akarudi kwenye sanduku, na mume wangu alikuwa ameapa hatalala kwenye meza ya upasuaji. Alijua nikisikia sitamwacha mpaka aende.

"Alisema ukijua utamfanya mgonjwa kabla hajaugua," shemeji alisema. "Alitaka mwaka mmoja wa kuwa mtu."

Hiyo ningeweza kuibeba. Mwili ulikuwa wake, na hofu ilikuwa yake. Nikamuuliza na lile la kunitukana mbele ya watu, nalo alikuwa ameapishwa? Na siku daktari alipoulizia karatasi, nani alimwagiza aseme panya? Alikaa chini kwenye udongo, mzee mzima.

"Nilipoona ile picha ni nyeusi nilimshukuru Mungu, shemeji. Nilikuwa nimekuja Mbeya sijui nitasema nini. Ukanipa pa kujificha."

Karatasi ya mwanzo aliichoma.

Nikamuuliza la mwisho. Nikamuuliza kama mume wangu alijua nimeomba msamaha kwa kosa gani, siku ile mkekani. Akasema alijua. Walizungumza. Yeye alimshauri aniambie kweli, na mdogo wake akajibu kwamba kunisamehe ni rahisi kuliko kuanza kueleza, na kwamba kutanitosha.

Siku ya kusakafia kaburi ilikuwa imekaribia, na watu walewale wa msiba wangekuja. Nikamwambia shemeji siku hiyo aisome karatasi hii, yote, kwa Kinyiha, kama anavyosomaga zote.

"Unataka nimvue nguo ndugu yangu kaburini?"

"Mimi mlinivua nikiwa hai," nilimjibu.

Alisoma. Nilidhani atazunguka kwa maombi, lakini baada ya sala alivaa miwani, akasoma kimya mpaka mwisho kama desturi yake, kisha akasema. Alitaja nyama iliyokuwa ndani ya mfuko. Alitaja siti skani na neno la kutochelewa. Alisema mdogo wake aliambiwa, na yeye mwenyewe aliisoma, na mimi sikuambiwa. Wifi akauliza ni karatasi ya lini, akajibiwa ni ya kabla ya mavuno. Mtani mnene alikuwepo. Mtani haombi radhi, akiomba utani umekufa. Aliinuka, akachukua koleo kutoka kwa fundi, akakoroga zege lote peke yake mpaka shati likaloa, na chakula kilipokuja wifi alinipakulia mimi kwanza.

Nilichokitaka nilikipata. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akisema nilipika picha.

Lakini aliyepaswa kuniambia amelala chini ya zege lile, na siku nyingine ninapopita na beseni la kahawa nasimama nataka kumuuliza, kisha naona hasira inapanda na napita. Sikumnyima kitu mtu yule. Kama angesema anaogopa kisu, ningeogopa naye. Akaona bora nipige magoti.

Mwaka huu nimechagua mahindi ya mbegu, nimeyafunga kwa maganda yake, nimeyatundika palepale juu ya mafiga. Picha mpya iko sandukuni chumbani, penye ubaridi, kama nilivyoelekezwa. Ule msamaha wake niliupokea kwa mikono miwili nikaushukuru kwa machozi, na sasa siwezi kumrudishia, na kuutunza siwezi.